Nyumba Pembezoni, Kazi Mjini: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Iliyohamia Upande wa Kibamba

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu familia ya watu watano iliyohama kutoka nyumba ya kupanga Magomeni, Dar es Salaam, kwenda kwenye nyumba yake yenyewe katika mtaa mmoja wa upande wa Kibamba na Kiluvya, mahali ambapo jiji linapakana na Mkoa wa Pwani. Wenyewe wameridhia kisimuliwe. Majina, sehemu za kazi, shule na mtaa vimeachwa, na mambo madogo ambayo yangewatambulisha yamebadilishwa bila kuvuruga mtiririko wa matukio. Wahusika wataitwa Mume, Mke, Bibi (ambaye ni mama mzazi wa Mume), Mkubwa na Mdogo. Wakati wa kuhama Mkubwa alikuwa anaingia darasa la tatu na Mdogo alikuwa wa miaka mitano.

Kisa kimechaguliwa kwa sababu ni cha kawaida kabisa. Hapakuwa na utapeli wa kiwanja, ugomvi wa mirathi wala nyumba iliyobomolewa. Kila uamuzi uliofanywa ulikuwa na sababu inayoeleweka, na bado mwaka wa kwanza uliwashinda karibu watu wote wa nyumba hiyo, kila mmoja kwa namna yake.

Usuli

Magomeni walikuwa na vyumba viwili na sebule, na uani walichangia choo, bomba na kamba za kuanikia nguo na wapangaji wengine. Kodi ililipwa miezi sita kwa mkupuo. Mume alikuwa na duka la vipuri vya magari Gerezani na Mke alikuwa mhasibu katika kampuni binafsi maeneo ya Posta, kwa hiyo wote wawili walifika kazini kwa mabasi ya mwendokasi, yenye njia yake peke yake, kwa muda usiofika nusu saa. Watoto walisoma shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza iliyokuwa jirani. Bibi alikaanga vitumbua kibarazani kila alfajiri, na kufikia saa 2:00 asubuhi sinia lilikuwa tupu. Fedha yenyewe haikuwa kubwa, lakini ilimtosha kwa mahitaji yake madogo na kwa mchezo wa upatu aliocheza na akina mama wa pale. Malalamiko yao juu ya Magomeni yalikuwa yale yanayosikika kila mahali: joto la vyumba vilivyobanana, muziki wa baa hadi usiku wa manane, na mwenye nyumba anayepandisha kodi bila kupaka hata chokaa.

Kiwanja walikinunua mwaka 2017, na mwaka huo una maana katika kisa hiki. Ndio mwaka wa bomoabomoa kubwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, ambapo nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande, ziliwekewa alama ya X na kubomolewa ili kupisha upanuzi. Ndugu mmoja wa Mume alikuwa miongoni mwa waliobomolewa. Mume alikwenda kumsaidia kuokoa mabati na milango, na kwa maelezo yake mwenyewe alirudi na azimio moja tu: atanunua mbali na barabara kuu, mbali kiasi kwamba hakuna upanuzi wowote utakaomfikia maishani mwake. Walinunua kipande kilichokatwa kutoka shamba la mikorosho la mzee mwenyeji, umbali wa kilomita tatu hivi kutoka lami, kwa hati ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Dalali aliwapeleka kukiona mara kadhaa, na kila mara ilikuwa Jumapili.

Ujenzi ulikwenda kwa hatua, kama unavyokwenda kwa wengi: msingi, kisha boma, kisha kungoja, kisha kupaua kwa fedha ya kikoba, kisha kungoja tena. Wakati huo habari za ukanda ule zilikuwa za kutia moyo. Upanuzi wa barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ulikuwa ukiendelea. Kituo kikuu kipya cha mabasi ya mikoani kilizinduliwa Mbezi Luis Februari 2021. Na watu walikuwa wakimiminika. Sensa zinaonyesha mkondo huo vizuri kuliko maelezo yoyote, kwa kuwa Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu milioni 1.1 hivi mwaka 2012 na ukafikia milioni 2.02 mwaka 2022, karibu mara mbili ndani ya miaka kumi, wakati Dar es Salaam yenyewe ilitoka milioni 4.36 hadi milioni 5.38. Mume na Mke walijiona, kwa haki kabisa, kuwa wamewahi.

Kuhama

Mwanzoni mwa 2021 mwenye nyumba wa Magomeni alipandisha kodi, na miezi sita mingine ilikuwa inadaiwa. Waliamua kwamba fedha hiyo ni afadhali iende kwenye nyumba yao. Nyumba ilikuwa na bati, milango na madirisha ya nondo, lakini haikuwa na dari, haikuwa na vigae, na vyumba viwili havikuwa na plasta. Walihamia ili wamalizie wakiwa ndani.

Wiki za kwanza zilikuwa za furaha, na zisipotajwa kisa kitaonekana kama hadithi ya majuto, jambo ambalo si kweli. Watoto walikuwa na uwanja wa kukimbia. Usiku ulikuwa wa baridi na wa kimya, na Mke anasema kwamba kwa mara ya kwanza tangu aolewe alilala bila kusikia televisheni ya mtu mwingine. Bibi alipanda mchicha na matembele nyuma ya nyumba kabla hata masanduku hayajafunguliwa yote.

Kisha shule zikafunguliwa. Wazazi walikuwa wameamua kuwabakiza watoto katika shule yao ya Magomeni, kwa sababu tatu: ada ya mwaka ilikuwa imeshalipwa kwa sehemu, shule ilikuwa nzuri, na Mke angepita pale pale akielekea kazini. Kwa ramani, uamuzi huo haukuwa na kasoro. Kwa saa ulikuwa hivi: kuamka saa 10:00 alfajiri, kutoka saa 10:45, mama na watoto wawili juu ya bodaboda moja kwa mtindo wa mshikaki hadi barabara kuu, daladala hadi Kimara, foleni ya mwendokasi Kimara, kuwashusha watoto Magomeni, kisha Mke kuendelea Posta. Daladala zinazotoka Kibaha na Mlandizi zilifika kituoni kwao zikiwa zimejaa, kwa hiyo siku nyingine Mke alilazimika kupanda linaloelekea Kibaha ili ageuze nalo, akilipa nauli mbili kwa safari moja. Jioni watoto walisubiri shuleni kwenye masomo ya ziada, na familia ilifika nyumbani saa 2:00 usiku au zaidi.

Mwezi wa tatu, mwalimu wa darasa aliandika kwenye daftari la Mkubwa kwa kalamu nyekundu: "Anasinzia kipindi cha kwanza na cha pili. Mzazi afike." Mke aliisaini sentensi hiyo akiwa amesimama ndani ya basi.

Masika ya mwaka huo yaliongeza jambo ambalo wakazi wa Magomeni wanalijua lakini walikuwa hawajawahi kulihesabu kutoka upande wa pili. Bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa pale, na mabasi ya mwendokasi hukoma upande wa Magomeni. Zamani kufungwa huko kuliwachelewesha kwa saa moja hivi. Sasa kulikuja juu ya safari ambayo tayari ilikuwa imekula saa mbili na nusu, na huko nyuma kilomita tatu za udongo zilikuwa zimegeuka tope ambalo bodaboda walilikataa.

Uamuzi wa gari

Jibu la Mume lilikuwa gari. Alikopa kwenye SACCOS yao ya wafanyabiashara, yaani chama chao cha kuweka na kukopa, akanunua gari dogo lililotumika Japani. Sababu yake ilikuwa kwamba gari lingeondoa bodaboda, foleni ya Kimara na mshikaki kwa pamoja, na wote wanne wangesafiri asubuhi kwa mafuta ya mtu mmoja.

Gari liliondoa mshikaki na kusimama kwenye foleni. Halikuondoa saa. Njia nane zilikuwa zikikamilika kati ya Kibaha na Kimara, lakini kutoka Kimara kuingia mjini magari yote hayo yalibanwa kwenye njia zilezile za zamani, kwa kuwa katikati ya barabara ni ya mwendokasi. Aliyekaa ndani ya gari lake alitazama mabasi yakimpita. Juu ya hayo, bei kikomo za mafuta ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zilianza kupanda, na barabara ya udongo ilikula bushi na shokapu kwa kasi ambayo hata muuza vipuri aliionea uchungu. Baada ya miezi michache gari lilibaki nyumbani siku nyingi za wiki.

Mke, ambaye ni mhasibu hata akiwa nyumbani, alikuwa akiandika kila kitu. Daftari lake lilionyesha kwamba katika miezi mitano ya kwanza jumla ya nauli, bodaboda, mafuta, boza la maji na mchango wa ulinzi ilizidi kodi waliyoikimbia Magomeni, kabla hata ya kuhesabu marejesho ya mkopo wa gari.

Mchana wa mtaani

Hadi hapa maelezo ni ya wanaosafiri. Aliyebaki alikuwa Bibi, na kwa maoni yangu sehemu hii ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi.

Mtaa ule unaitwa mtulivu na kila anayeutembelea jioni au Jumapili. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini utulivu wa siku za kazi una sababu yake: watu wazima wote wenye afya wametoka kabla ya saa 12:00 asubuhi na hawatarudi kabla ya saa 1:00 usiku. Katika nyumba za jirani waliobaki walikuwa wasichana wa kazi walioagizwa wasifungue geti kwa mtu yeyote. Hapakuwa na kibaraza cha kukaa, kwa kuwa kila nyumba iliyokamilika ilikuwa imejizungushia ukuta, na zile ambazo hazijakamilika zilikuwa mapagale yenye vichaka. Bibi alikaa peke yake karibu saa kumi na tano kwa siku, na redio, umeme ukiwepo. Kliniki yake ya presha ilikuwa imebaki Magomeni, na siku ya miadi ilimpasa aondoke na Mke alfajiri, akae mjini kutwa nzima, arudi naye usiku.

Alijaribu vitumbua vyake. Aliamka saa 9:00 usiku, akakaanga, akaweka meza nje ya geti kabla ya mapambazuko. Wateja walipita mbele yake juu ya bodaboda, wamejifunika majaketi, bila kusimama, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaiwahi daladala. Vitumbua vilivyobaki walivila wenyewe usiku na asubuhi iliyofuata, na baada ya siku chache aliacha. Jioni moja alimwambia mwanawe, mbele ya watoto, "Mwanangu, huku hamkunileta kukaa. Mmenileta kulinda nyumba." Wiki hiyo alikwenda Temeke kwa binti yake kwa siku mbili, na siku mbili zikawa mwezi mzima na zaidi.

Wizi wa pampu

Bibi akiwa Temeke, nyumba iliibiwa pampu ya kisima pamoja na waya wake wote. Ilikuwa siku ya kazi, saa 5:00 asubuhi. Wezi walikuja na guta, wakaruka ukuta mfupi wa nyuma, wakafungua pampu kwa spana kama mafundi, wakaipakia na kuondoka. Kibarua mmoja aliyekuwa akichanganya zege kiwanja cha pili aliwaona tangu mwanzo hadi mwisho na akadhani wametumwa na mwenye nyumba. Hakuwa na namna ya kujua. Hakumjua mwenye nyumba, wala mwenye nyumba hakumjua yeye, ingawa walikuwa wamepishana njiani karibu kila siku kwa miezi kadhaa.

Mtaa ulikuwa na ulinzi shirikishi, na kila kaya ilichangia kila mwezi. Walinzi walianza zamu saa 4:00 usiku na kumaliza saa 11:00 alfajiri, yaani walilinda saa ambazo watu wote walikuwa wamelala ndani ya nyumba zao na kuondoka wakati nyumba zinabaki tupu.

Mabadiliko

Baada ya wizi huo familia ilikaa ikapanga upya. Mambo manne yalibadilika, na uzito wake haulingani.

La kwanza ni shule. Muhula wa pili Mkubwa alihamishiwa shule ya msingi ya serikali ya kata ile, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na Mdogo akaandikishwa darasa la awali hapo hapo. Mke hakulipenda jambo hilo. Mtoto alikuwa anatoka kwenye Kiingereza kwenda kwenye Kiswahili, darasa lilikuwa na wanafunzi wengi, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ulikuwa unamsubiri mwaka uliofuata. Shule ya binafsi ya karibu ilikuwepo, lakini basi lake lingempitia saa 11:15 alfajiri kwa kuwa lilianza kukusanya watoto upande wao, na hapo faida yote ingepotea. Walichagua usingizi wa mtoto. Alama zake zilishuka muhula wake wa kwanza pale, hasa za Sayansi, kisha zikapanda. Upimaji wa darasa la nne aliufanya vizuri.

La pili ni saa za kazi. Awali Mume na Mke walikuwa wakitoka pamoja na kurudi pamoja, kwa kudhani ndiyo njia ya kubana matumizi. Sasa walizitenganisha. Mke alimwomba mwajiri aanze saa 1:00 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Alikataliwa mara ya kwanza, akarudi na rekodi yake ya mahudhurio, akakubaliwa. Hakuongeza saa ya kuamka hata kidogo, maana tayari alikuwa akifika mapema na kukaa akisubiri ofisi ifunguliwe. Alichopata ni kurudi kabla ya msongamano wa jioni. Mume alimkabidhi kijana wake wa dukani funguo za asubuhi, akawa anaondoka nyumbani saa 3:00 foleni ikiwa imepungua, na kufunga duka yeye mwenyewe jioni. Hivyo nyumba ilipata mtu mzima hadi saa 3:00 asubuhi, na mwingine kuanzia saa 11:30 jioni.

La tatu lilitokea kwa bahati. Bibi aliporudi kutoka Temeke, baada ya kuhakikishiwa kwamba watoto watakuwa nyumbani kuanzia saa 9:00 alasiri, mafundi wa kiwanja cha pili walikuja kuomba maji ya kunywa, wakauliza kama kuna chochote cha kula. Walikuwa wanane, wameanza kazi saa 1:00 asubuhi, na mahali pa karibu pa kupata chai ni barabarani, kilomita tatu. Siku iliyofuata Bibi alikaanga vitumbua vya saa 4:00 asubuhi. Ndani ya wiki mbili walikuwa wanakuja mafundi wa viwanja vitano, wachimba visima, vijana wa maboza na msichana wa kazi wa nyumba ya jirani, ambaye tajiri yake alimruhusu kufungua geti kwa ajili hiyo tu. Bibi aliongeza maharage. Kibarua yule aliyewaona wezi ni mteja wake wa kila siku, na sasa anajua nyumba ipi ni ya nani kuliko wenye mtaa wenyewe.

La nne ni barabara. Kaya zilichanga fedha za kifusi na kukodi greda kwa siku moja. Barabara ilipendeza kwa miezi miwili. Mvua za vuli zilipoanza maji yalipita katikati ya barabara kwa kuwa hakuna aliyekumbuka mitaro, na kifusi chote kikaishia bondeni. Waliokuwa wamechanga walikataa kuchanga tena, na barua iliyoandikwa kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kupitia serikali ya mtaa ndiyo tegemeo lililobaki.

Matokeo

Mwaka wa pili ulipokwisha, familia ilikuwa bado inaishi pale na haikuwa na mpango wa kuondoka. Watoto wanapata usingizi wa saa tisa kila usiku. Bibi amehamishia kliniki yake kituo cha afya cha karibu. Daftari la Mke linaonyesha kwamba matumizi yameshuka chini ya kodi ya Magomeni, hasa kwa sababu ada na nauli za watoto zimeondoka na mafuta yamepungua. Vigae vimewekwa sebuleni tu. Pampu mpya imejengewa kibanda chenye kufuli, na mkutano wa mtaa umekubali kuwa mlinzi mmoja ahamishiwe zamu ya mchana, ingawa baadhi ya kaya hulipa kwa kusuasua, zikidai kwamba mwizi wa kuogopwa ni wa usiku.

Safari ya Mke bado ni ndefu. Anatumia karibu saa nne kwa siku njiani, na hilo halikutatuliwa na uamuzi wowote.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kipimo. Walipima kwa kilomita na kwa ada, wakati kilichokuwa kinaisha ni saa. Kutoka kituo chao cha barabara kuu hadi Kimara ni mwendo unaozidi kuwa mwepesi kila barabara inapopanuliwa, na habari za upanuzi ziliwafanya waamini kuwa safari nzima itafupika. Lakini safari hubanwa mahali pembamba kuliko pote, na kwao pembamba palikuwa pawili, foleni ya Kimara na zile kilomita tatu za udongo. Kupanua kilicho katikati hakukugusa ncha hizo mbili.

Kilomita tatu zenyewe zilitokana na hofu. Mume aliyaona mabati ya ndugu yake yakipakiwa kwenye fuso, akajiepusha na hatari hiyo moja kwa ukamilifu, akalipia kwa hatari nyingine ambayo haikuwa na alama nyekundu ukutani. Mita mia tano kutoka lami zingemweka nje kabisa ya hifadhi ya barabara na zingeondoa bodaboda, tope, bushi na sehemu kubwa ya bei ya boza. Simlaumu, mwaka 2017 ni watu wachache sana katika ukanda ule waliokuwa wanafikiri kwa utulivu. Lakini wanaoshauri familia wanapaswa kuuliza si tu kiwanja kiko wapi, bali mnunuzi alikuwa anakimbia nini alipokichagua.

Kuhusu gari, Mume na mimi hatukubaliani. Mimi ninalihesabu kuwa uamuzi uliofeli: lilinunuliwa ili kufupisha safari ya kazini, na halikuifupisha. Yeye hunikumbusha usiku ambao Mdogo alipata degedege kwa homa ya malaria, saa 7:00 usiku, mvua inanyesha, na bodaboda wawili waliopigiwa simu hawakupokea. Walifika hospitali kwa gari hilo. Hoja yake ina nguvu, na pengine usahihi ni kwamba mtaa wa aina ile unahitaji gari kwa dharura za usiku, si kwa safari za asubuhi; lakini kama sababu ingekuwa hiyo tangu mwanzo, lingenunuliwa gari la bei ndogo zaidi lenye chasisi ya juu, au majirani watatu wangeelewana na dereva mmoja, na mkopo wa SACCOS usingechukua ukubwa ule.

Uamuzi uliofanya kazi kuliko yote ni wa kutenganisha saa za kutoka, na haukugharimu chochote isipokuwa aibu ya kumwomba mwajiri mara ya pili. Kutoka pamoja kuliokoa nauli kidogo na kuiacha nyumba tupu kwa saa nyingi zaidi. Hili hupuuzwa mara kwa mara na wanandoa wa mitaa ya pembezoni, ambao huona kusafiri pamoja kuwa ni upendo na uchumi kwa wakati mmoja.

Suala la Bibi linahitaji kuangaliwa kwa uangalifu, maana lilitatuka bila kupangwa na ni rahisi kulisifu kama ubunifu wa familia. Haukuwa ubunifu wao. Walimhamisha mama wa miaka sitini na kitu kutoka mahali alipokuwa na wateja, upatu, kliniki na watu wa kusalimiana nao, wakamweka kwenye nyumba bora zaidi isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, na hakuna aliyemuuliza atakuwa anafanya nini saa 4:00 asubuhi. Kilichomwokoa ni kwamba mtaa haukuwa mtupu kama ulivyoonekana: ulikuwa na watu wake wa mchana, mafundi, vibarua na wasichana wa kazi, ambao wenye nyumba hawakuwahesabu kuwa ni watu wa mtaa. Watu haohao ndio wangeweza kuzuia wizi wa pampu kama mtu angekuwa amewasalimia. Hata hivyo biashara hiyo inategemea ujenzi, na viwanja vinavyozunguka vinaanza kukamilika. Bibi tayari ameanza kuchukua oda za jioni kwa ajili ya asubuhi, na haijulikani kama zitatosha.

Shule ni jambo ambalo watu wenye busara watatofautiana. Wapo watakaosema kwamba Kiingereza kilichopotea kitadai gharama yake kidato cha kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa lugha hiyo. Huenda. Lakini mtoto anayesinzia vipindi viwili vya kwanza kila siku hakuwa anajifunza Kiingereza wala kingine chochote katika vipindi hivyo.

Mwisho ni ile Jumapili ya dalali. Familia ilikiona kiwanja mara kadhaa, na mara zote kwenye siku ambayo barabara ni nyeupe, majirani wako nyumbani, watoto wanacheza nje na udongo umekauka. Ndugu mdogo wa Mke sasa anataka kununua upande wa Kiluvya, na ameshapelekwa na dalali mara mbili. Mke amemwambia ahamie kwao kwa wiki moja ya kazi mwezi wa Aprili, atoke naye saa 10:45 alfajiri na kurudi kwa njia hiyohiyo, na siku mojawapo asiende kazini kabisa bali akae pale na Bibi kutwa. Ndugu huyo amekubali wiki, lakini kutwa na Bibi anaona si lazima. Hilo ndilo wanalobishania hadi sasa, na kiwanja bado hakijalipiwa.